Kwa Hivyo Kweli Tuliwaroga?

Nyanya yangu hasomi riwaya. Anasoma Biblia, na akitoka hapo anasoma gazeti lolote lililofungiwa sukari au misumari, hata kama ni la mwaka juzi. Kwa hivyo Desemba iliyopita nilipomwambia kwamba naandika kitabu kuhusu watu wa kwao, Kasigau, wakati wa vita vya Wajerumani, alidhani ni historia. Alizima redio, akapangusa mikono, akavuta kigoda. Nikafungua simu, nikamsomea sura ya kwanza.

Sura yenyewe, kwa maoni yangu, ilikuwa moto. Mwaka ni 1915. Waingereza wana kambi Kasigau, Wajerumani wako ng'ambo ya mpaka. Usiku, wanawake saba wanapanda mlima, wanashikana mikono, wanaita ukungu. Ukungu unateremka mpaka kambini. Askari wa zamu haoni hata mkono wake mwenyewe. Wajerumani wanapenya kimya kimya na kuwateka. Kukipambazuka, wale wanawake saba wako shambani wanapalilia, utadhani walilala usiku kucha.

Nilimaliza, nikangoja sifa. Nyanya alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa:

"Kwa hivyo kweli tuliwaroga?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa na swali hilo miezi kadhaa, na nimefuta kurasa zaidi ya mia kwa sababu yake.

Ili uelewe kwa nini liliniuma, lazima ujue kilichotokea. Wengi wetu tunaijua Voi kama mahali basi la Mombasa linaposimama watu wakajisaidie na kununua soda. Lakini katika Vita Vikuu vya Kwanza huku ndiko kulikuwa mstari wa mbele. Agosti 1914 Wajerumani walivuka mpaka wakaiteka Taveta. Shabaha yao kubwa ilikuwa Reli ya Uganda, inayopita hapa Voi, na vikosi vyao vidogo vilikuwa vikikata nyika usiku kwenda kuilipua. Waingereza nao wakajenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Maktau, wakavuta na bomba la maji, maana nyika hii ilimaliza watu kwa kiu kabla ya risasi. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walikishambulia kilima cha Salaita wakiwa na uhakika wa ushindi. Walirudishwa mbio, na waliowaokoa ni Wabaluchi wa jeshi la India, watu waliokuwa wakiwadharau.

Nyuma ya wote hao walikuwa wapagazi, Waafrika waliobeba unga, risasi na majeruhi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa magonjwa na njaa. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina la kikosi chao lililopinda midomoni mwetu. Ukienda kwenye makaburi ya vita ya Voi au Taveta utaona mawe yamepangwa vizuri, nyasi zimekatwa, majina yamechongwa. Majina ya wapagazi hutayaona. Mwaka wa 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayosimamia makaburi hayo ilikiri hadharani kwamba Waafrika wengi hawakuenziwa kwa majina kama wenzao, ikaomba radhi.

Na Kasigau? Mwaka wa 1915 Wajerumani walikishtukiza kituo cha Waingereza pale mlimani. Waingereza wakajiuliza adui alijuaje njia, alijuaje zamu. Jibu walilojipa ni kwamba wenyeji ndio waliowauza. Hakuna aliyesimamishwa mahakamani akaulizwa swali. Jamii nzima, wazee kwa watoto, ilikusanywa ikapelekwa uhamishoni Malindi. Watu wa mlimani, waliozoea baridi, wakatupwa pwani penye joto na malaria. Wengi walifia huko. Waliobaki walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi. Mama yake nyanya alikuwa miongoni mwao. Aliondoka akiwa msichana mdogo, akarudi mtu mzima.

Sasa lisome tena swali la nyanya. Familia yake iliadhibiwa kwa kosa ambalo haikuthibitishwa kulifanya. Zaidi ya miaka mia baadaye mjukuu wake, aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo na sasa anajiita mwandishi, anakuja na simu mkononi kumwambia kwamba ndiyo, kosa lilifanyika. Wenyeji waliwasaidia Wajerumani. Walitumia uchawi. Mimi, kwa nia njema kabisa, niliwapatia Waingereza ushahidi walioukosa mwaka wa 1915.

Kwa nini niliiandika hivyo? Jibu rahisi ni kwamba nazipenda hadithi za aina hiyo. Nimekulia kwenye riwaya na sinema za watu wenye nguvu za ajabu, na karibu zote ni za kwao. Wao wana wachawi wenye majoho na fimbo, nami nikataka wa kwetu, wenye leso na jembe. Lakini liko jibu la ndani zaidi. Ukisoma historia ya Taita Taveta unachoka kushindwa. Wenyeji wanahamishwa, wanabebeshwa mizigo, wanakufa bila kuandikwa. Hata katika hadithi wanazosimuliwa watalii huko upande wa Salaita, shujaa wa ajabu ni mwanamke wa Kijerumani ambaye inasemekana alijificha ndani ya mbuyu akawa anawadungua Waingereza mmoja mmoja. Yaani hata mbuyu wetu una mzungu ndani! Nilitaka mara moja tu, angalau kwenye karatasi, watu wetu washinde. Uchawi ndio njia ya mkato niliyoiona.

Ubaya wa njia hiyo ni kwamba imeshapitwa na wengi wenye nia nyingine.

Tazama mashtaka mawili: mchawi na msaliti. Yote mawili yanahusu madhara yaliyofanywa gizani na mtu mnayeishi naye. Ushahidi hauhitajiki, kwa sababu mchawi hodari haachi alama, na msaliti hodari vilevile. Ukikana, ndiyo dalili yenyewe. Na mashtaka yote mawili hunawiri wakati wa hofu. Huko Ujerumani, mji wa Bamberg ulichoma mamia ya watu kwa tuhuma za uchawi kati ya 1626 na 1631, katikati ya Vita vya Miaka Thelathini, mazao yakiharibika na majeshi yakizunguka. Mtu akipata msiba asiouelewa, anatafuta jirani wa kuubebesha. Afisa wa Kasigau aliyeona kituo kimetekwa alifanya hesabu ileile, ila yeye alikuwa na jeshi.

Ungedhani hayo ni mambo ya kale. Oktoba 2021, Marani kule Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Kilifi, mwendo wa saa chache kutoka hapa, mvi zimekuwa hatari kiasi kwamba kuna makao ya kuwahifadhi wazee waliokimbia watoto wao wenyewe, na mara nyingi ukichimba chini ya tuhuma unakuta shamba.

Na sihitaji kwenda Kilifi. Nilipokuwa na miaka kama 10, kulikuwa na bibi mmoja jirani yetu, mjane, mvi tupu, jicho moja jekundu daima. Wapwa wa marehemu mumewe walikuwa wanalitaka shamba. Siku moja ng'ombe wa mtu akafa, wiki iliyofuata mtoto akaugua, na jina likaanza kutembea. Sisi watoto tulikuwa tunapita kwake mbio, tukishindana nani atarusha jiwe litue kwenye bati. Mimi nilirusha. Lilitua, likavingirika hadi chini, na nakumbuka wenzangu wakinishangilia. Mwishowe binti yake alikuja akamchukua, akaenda kufia mbali na kwake. Shamba unajua nani analilima.

Nilipofuta ile sura ndipo nikagundua jambo ambalo sikuliona nikiiandika. Kiongozi wa wanawake wangu saba alikuwa na mvi tupu, na jicho moja jekundu.

Nilimpelekea rafiki yangu rasimu pamoja na haya mashaka. Tulianza chuo pamoja, yeye akamaliza. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita, nami nitakupa kiini tu: "Wewe unaandika riwaya, huandiki hati ya kiapo. Kila mtu anajua ni uongo. Tena unawapa nguvu wanyonge. Shida iko wapi?"

Hoja yake si ya kupuuzwa. Katika Vita vya Pili, Wasovieti walikuwa na kikosi cha marubani wanawake watupu, waliorusha ndege hafifu usiku kuwapiga Wajerumani mabomu. Wajerumani wakawaita wachawi wa usiku. Wale wanawake hawakulia. Walilivaa jina hilo kama nishani, na hadi leo linatajwa kwa heshima. Kwa hivyo inawezekana kumnyang'anya adui tusi ukalifanya sifa.

Lakini angalia walikuwa na nini. Walikuwa na ndege, walikuwa upande ulioshinda, na kila mtu alijua kwamba jina ni utani: mabomu yalitoka kwenye ndege. Hakuna aliyerudi kijijini akachomwa kwa sababu ya lile jina. Bibi yetu wa jicho jekundu hakuwa na ndege. Tusi linageuka nishani pale mwenyewe anapolivaa akiwa salama. Mimi nilikuwa nawavisha wafu, na wajukuu wao bado wanaishi mahali neno hilo linaua.

Rafiki yangu akaleta mfano wa nyumbani: Mekatilili wa Menza. Mwaka wa 1913 alizunguka Ugiriama akiwaambia watu wasitoe vijana wao wala kodi. Wakoloni walimwandika mchawi katika ripoti zao. Walimkamata pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka magharibi ya nchi, wakatoroka na kurudi. Agosti 1914, vita vikianza Ulaya, Waingereza walikuwa wanailipua Kaya Fungo kwa baruti. Leo Mekatilili ana sanamu Malindi, mji uleule walikopelekwa watu wa Kasigau.

Nimemfikiria sana Mekatilili, na naona ananiunga mkono mimi. Alifanya nini hasa? Alicheza kifudu hadi watu wakakusanyika. Alitembea kijiji hadi kijiji. Aliwalisha watu kiapo, na kiapo kikawafunga kwa sababu walikiheshimu. Hiyo ni kazi: miguu, ulimi, akili, subira. Afisa aliyeandika "mchawi" alikuwa anakwepa kuandika kwamba mwanamke mwenye umri mkubwa amempiga chenga kwa siasa. Nikija mimi na riwaya nikasema alishinda kwa sababu alikuwa na nguvu za kichawi, nitakuwa nimemwibia jasho lake, na kumsaidia yule afisa kulala vizuri.

Ila imani nayo ilikuwa nguvu ya kweli, na siwezi kuifuta ili nionekane msomi. Mwaka wa 1905, kusini mwa Tanganyika, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji aliyosema yatageuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Risasi hazikugeuka, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa. Lakini yale maji yaliunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja. Ebrahim Hussein aliuweka mzigo huo jukwaani katika tamthilia yake Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka wa 1969. Mwishoni shujaa wake anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu watoto wataambiwa kwamba walichopigania wazee wao nacho kilikuwa uongo. Hussein hatuambii kwamba maji yalifanya kazi. Anatuonyesha watu wanaoamini, na gharama ya kuamini.

Hapo ndipo nikaona kosa langu liko wapi hasa. Katika riwaya, mhusika akisema "wale wanawake walituroga", hiyo ni tuhuma tu, na msomaji anaweza kuipima. Lakini msimulizi akisema ukungu ulikuja kwa sababu uliitwa, kesi imekwisha. Msimulizi ni hakimu asiye na rufaa. Nilikuwa nimekikalia kiti hicho nikawahukumu watu saba, nikadhani nawapamba.

Sheria ya Uchawi ya Kenya, iliyoanza mwaka wa 1925 na bado iko vitabuni, ina kasoro inayofanana na yangu. Inakataza kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi, isipokuwa ukipeleka tuhuma hiyo kwa mkuu wa wilaya, polisi, chifu au mkubwa mwingine anayestahili. Maana yake tuhuma haikuondolewa. Ilihamishiwa ofisini.

Basi nifanye nini? Niandike riwaya isiyo na maajabu yoyote? Nilijaribu wiki mbili, ikawa kavu kama ripoti ya wizara. Na isingekuwa ya kweli pia, maana Wataita wa 1915 hawakuishi katika dunia kavu. Walikuwa na fighi, vichaka vitakatifu vilivyolinda mipaka ya vijiji dhidi ya adui. Walikuwa na kutasa: mtu anachukua funda la pombe ya miwa au maji, anatema manyunyu, na kila akitema anatamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuwaombea wenziwe heri. Grace Harris, mwanaanthropolojia aliyeishi Taita miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, akionyesha kwamba kwa Wataita hasira iliyofichwa moyoni, hata ikiwa ya haki, inaweza kuleta ugonjwa kwa ndugu.

Hilo lilinishika. Hapa uovu haukuanzia kwa bibi mwenye jicho jekundu. Ungeweza kuanzia kwa yeyote, hata kwangu niliyerusha jiwe, na dawa yake ni kujikagua mwenyewe kabla ya kumkagua jirani. Fikiria vita vinavyoanza kwa kila mtu kutema hasira yake kwanza. Sijui kama vingefika Salaita.

Nikakumbuka pia kwamba Wataita wa zamani walihifadhi mafuvu ya wazee wao mapangoni, marehemu akae karibu na walio hai. Waliofia Malindi hawakupata pango. Wako kwenye mchanga wa watu wengine.

Hapo ndipo riwaya yangu ilipozaliwa upya. Sasa ukungu wa Kasigau unashuka wenyewe, kama unavyoshuka siku zote, maana ule ni mlima na hiyo ndiyo kazi yake. Hakuna aliyeuita. Kituo kinatekwa kwa sababu askari walisinzia, na afisa anatafuta wa kulaumu. Wanawake saba wamebaki, lakini hawana nguvu yoyote zaidi ya uliyo nayo wewe. Wanahamishwa, baadhi wanakufa. Maajabu yanaanzia pale: waliofia Malindi wanaamka mchangani na kuanza safari ya kurudi nyumbani kwa miguu, kutafuta mapango yao. Hawamdhuru mtu. Wanatembea tu, na kila wanapopita, aliyewahi kuwatuhumu anasikia jina lake likitajwa kwa upole.

Huo ni uongo pia, najua. Lakini hakuna aliye hai anayeweza kuchomwa kwa sababu yake. Kwa sasa hicho ndicho kipimo changu, na sidai kwamba kinatosha kwa kila mwandishi. Kabla ya kumpa mtu nguvu kwenye karatasi, najiuliza nani mwingine alishawahi kumpa nguvu hiyo, na alimfanya nini baadaye.

Mwezi uliopita nilirudi kwa nyanya. Alikuwa amepika kimanga. Nikamsomea sura mpya, wafu wakiondoka Malindi usiku. Safari hii alinikatiza katikati.

"Wanapitia njia gani?"

Nikamwambia bado sijaamua.

"Wafuate Sabaki," akasema. "Wakikata nyika watakosa maji."

Nikamwambia, nyanya, hawa ni wafu, hawasikii kiu. Akanitazama kama ananihurumia.

"Wafuate mto," akarudia. Kisha akanitajia jina la mdogo wake mama yake, mtoto aliyebaki kule. Sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Aliniambia nilitamke, akanirekebisha mara mbili, halafu akaniambia niliandike. Nikaliandika palepale, naye akisubiri.